Jiwe la Luhanga na Wafagiaji Wasioonekana

"Mjomba, samaki huenda haja wapi?"

Ahaa! Hilo sasa ndilo swali. Kuna watu wazima hapa Uvira waliokula mukeke na ndakala maisha yao yote na hawajawahi kuliuliza. Wewe umeliuliza. Sogea karibu, mpwa wangu, na wenzako wasogee. Jibu lake ni refu. Lina jiwe ndani yake, lina tangi la kioo, na lina wafagiaji wengi kuliko watu wote wa mji huu.

Samaki huenda haja majini. Hana pengine pa kwenda. Anakula majini, analala majini, anazaa majini, na uchafu wake wote unabaki majini. Tena sikilizeni jambo la kuchekesha. Uchafu wake mbaya zaidi hautokei nyuma. Mwingi hutokea mbele, kwenye matamvua, palepale anapopumulia! Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipolisoma. Uchafu huo unaitwa amonia. Mnaijua harufu yake. Ni ile harufu kali ya mkojo uliokaa, inayokufanya uzibe pua. Na amonia ni sumu. Ikizidi majini, inaunguza matamvua ya samaki, na samaki anakufa ndani ya uchafu wake mwenyewe.

"Sasa mbona samaki wa ziwani hawafi?"

Mnaona? Swali moja limezaa lingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mtanijibu kwamba ziwa ni kubwa. Ni kweli, ni kubwa. Tanganyika inaanzia hapa kwetu, kwenye mdomo wa Ruzizi, inakwenda kusini kilomita 670 hivi mpaka Zambia. Kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470. Nchi nne zinachota humo: Kongo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Amonia ya samaki mmoja ni nini humo ndani? Si kitu. Lakini ziwa hili wanasayansi wanalikadiria kuwa na umri wa miaka kati ya milioni 9 na milioni 12. Kwa miaka yote hiyo, samaki wote wamekuwa wakienda haja bila kupumzika hata siku moja. Ukubwa peke yake usingetosha. Lazima kuna anayefagia.

Sasa fikirini kiwanja cha nyumbani. Usiku watu wamekula, wamemenya mihogo, wamemwaga majivu mlangoni. Alfajiri dada anaamka na ufagio. Anatoa taka mlangoni, anazisukuma mpaka katikati ya kiwanja. Hapo anachoka, anaacha. Lundo liko katikati, bado linanuka, bado mtoto anaweza kulikanyaga. Kisha kaka anatokea na ufagio wake. Analichukua lile lundo la katikati, analipeleka nyuma, chini ya migomba. Pale halimsumbui mtu. Migomba inafurahi, inanenepa.

Majini kuna dada na kaka kama hao. Ni bakteria, viumbe wadogo mno. Elfu moja wakijipanga mstari, mstari wao unafika milimita moja tu. Dada anakula amonia, anaacha kitu kinachoitwa nitriti. Hilo ndilo lundo la katikati, nalo bado ni sumu. Kaka anakula nitriti, anaacha nitrati. Hiyo ndiyo taka ya chini ya migomba. Ikiwa kidogo haina ubaya, na mwani wa kijani unaoota juu ya mawe unaila kama mbolea.

"Mjomba, nani aliwaona, kama hawaonekani?"

Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky. Mwaka 1890 alikuwa Uswisi, katika mji wa Zürich, akiwatafuta hawa wafagiaji wa amonia. Watu wengine walikuwa wakiwawekea bakteria mchuzi wa nyama ili waote. Wafagiaji hawa hawakuutaka. Winogradsky akawanyima mchuzi, akawapa amonia na chumvi chache tu. Wakaota! Akagundua pia kwamba kazi ni mbili na wafanyakazi ni wawili, kila mmoja na zamu yake.

"Kwa nini mmoja asifanye kazi zote mbili?"

Mpwa wangu, swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Halafu mwaka 2015 wakawapata kweli bakteria ambao kila mmoja anafagia kutoka mlangoni mpaka migombani bila msaada. Na mmoja wa hao walimpata wapi? Uholanzi, katika chujio la matangi ya kufugia samaki. Alikuwa amejificha palepale ambapo watu walikuwa wakifuga samaki.

Haya. Sasa tuingie kwenye hadithi ya jiwe.

Tuseme kuna shule moja hapa Uvira, na tuseme darasa moja limepata tangi la kioo. Urefu wake sentimita 100, upana 40, kimo 50. Pigeni hesabu. Ni lita 200. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 200, sawa na mifuko minne ya simenti, na hapo mchanga na mawe bado. Meza ya mwalimu haitaweza. Watoto wakamwomba fundi awatengenezee kiti cha mbao nene, wakakiweka mahali sakafu imenyooka, mbali na dirisha. Jua la Uvira likipiga kioo siku nzima, maji yanakuwa moto na mwani unafunika kila kitu.

Jumamosi wakatoka na mwalimu wao kwenda kutafuta mawe. Hawakwenda kaskazini, upande wa Ruzizi. Kule ni mchanga, tope na matete, tena viboko na mamba wana makazi yao, na hatutaki kukutana nao. Walikwenda kusini, Luhanga, ambako milima ya Mitumba inateremka mpaka inaingiza miguu ziwani. Pale ufuko ni mawe, na chini ya maji ni mawe vilevile, na kila jiwe lina ukungu wa kijani juu yake, na kila upenyo una samaki.

Mwalimu akaokota jiwe moja, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mtoto mmoja akalitazama akasema, "Mwalimu, hili ni chafu. Nilisugue kwa sabuni?"

Jiwe likapiga kelele. "Hapana! Sabuni hapana!"

Watoto wakaruka nyuma.

"Msinikimbie," likasema jiwe. "Nisikilizeni. Mnaona ukungu huu? Mnaona huku chini kunateleza? Hawa ndio wafagiaji. Wako mgongoni mwangu, wako tumboni, wako ndani ya kila kitundu changu. Ukinisugua kwa sabuni, unawaua. Ukinianika juani, unawaua. Nifungeni kwenye gunia lililolowa, nitieni kwenye ndoo, na mnifikishe nikiwa na maji mwilini. Mkinifikisha mkavu, mtakuwa mmebeba jiwe tu."

Wakalifunga kwenye gunia. Wakachukua mawe mengine machache, wakayaacha mengi. Kila jiwe lililobaki ni nyumba ya mtu. Wakachota mchanga, wakachota maji ya ziwa na kuyachuja kwa kitambaa safi. Kisha mwalimu akawasimamisha mstari, kila mmoja akanawa mikono kwa sabuni. Sabuni kwenye mikono, ndiyo! Ziwa letu ni zuri, lakini kipindupindu kinaijua Uvira, na kichocho kiko majini pia. Maji ya tangi si ya kunywa, si ya kuonja, wala mkono wenye kidonda hauingii humo.

"Je, tungetumia maji ya bomba?"

Yanawezekana, ila maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa. Klorini haichagui. Inaua kijidudu kibaya na inaua mfagiaji pia. Ukiyatumia, yaweke kwanza kwenye beseni wazi, pampu ya hewa iyachezeshe siku moja au mbili, klorini iondoke. Sisi tulio na ziwa mlangoni tuna bahati, kwa sababu samaki wa Tanganyika anataka maji ya Tanganyika. Si maji yoyote tu.

Hapa nitakaa kidogo, maana napapenda.

Ruzizi inatoka Kivu. Kivu imezungukwa na ardhi ya volkano, maji yake yamebeba madini mengi. Ruzizi inayaleta yote huku kwetu. Halafu maji yanatokea wapi? Mlango ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie, na hautoi mengi. Maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kupanda juu na jua. Jua linachukua maji, linaacha madini. Miaka na miaka, madini yamebaki. Ndiyo maana sabuni haitoi povu zuri ukifulia ziwani, muulizeni mama. Wataalamu hupima jambo hili kwa namba inayoitwa pH. Maji ya kawaida kabisa ni 7. Tanganyika inakaribia 9.

Na sasa amonia. Amonia majini ina sura mbili, sura ya upole na sura ya ukali. Kwenye maji ya pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia, hata moja haifiki kuwa kali. Kwenye maji ya pH 9, zaidi ya theluthi ni kali. Amonia ni ileile! Ila kwenye maji yetu imetoa meno. Mtu anayefuga samaki wa mto wenye maji laini anaweza kukosea kidogo na samaki wake akanusurika. Anayefuga samaki wa Tanganyika hana nafasi hiyo. Lazima wafagiaji wawe wamefika kabla ya samaki.

Turudi darasani. Mawe yaliwekwa kwanza, yakakaa juu ya sakafu ya kioo, kisha mchanga ukamwagwa kuyazunguka. Mnajua kwa nini? Samaki wengi wa kwetu ni wachimbaji. Mawe yakikaa juu ya mchanga, samaki atachimba chini yake, jiwe litaanguka, na kioo kitapasuka. Maji yakatiwa. Pampu ndogo ya hewa ikawashwa, ikasukuma hewa kupitia sifongo nene, mapovu yakapanda. Sifongo hiyo ni nyumba ya pili ya wafagiaji, maana na wao wanapumua. Kipasha maji hakikununuliwa. Mtoto wa Ulaya hana budi kukinunua, sisi hali ya hewa inatupa joto hilo bure.

Siku ya pili vumbi lilikuwa limetua. Maji yaling'aa. Yaling'aa mpaka ungeweza kusoma kitabu upande wa pili.

"Tayari!" wakasema watoto. "Tulete samaki!"

Jiwe likasema kutoka ndani ya maji, "Maji yanang'aa, lakini hayajawa tayari."

"Tunasubiri nini?"

"Mnasubiri wafagiaji wangu. Wengine wamekufa njiani. Waliobaki ni wachache, na kiwanja hiki ni kipya. Tena kiwanja hakina taka. Mfagiaji atakula nini? Mleteeni taka."

Basi mwalimu akachukua ndakala wawili wakavu kutoka sokoni, akawafunga kwenye kipande cha kitambaa, akawatumbukiza tangini. Naam, ndakala! Wakaanza kuoza. Darasa likanuka kidogo, dirisha likafunguliwa. Ndakala akioza anatoa amonia, na amonia ni chakula cha dada.

Siku chache baadaye maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Watoto wakaogopa. Mmoja alitaka kumwaga kila kitu aanze upya.

"Usimwage!" likasema jiwe. "Hao ni bakteria wengine, walafi wa kuoza. Wao huzaliana upesi. Watashiba, watapungua, maji yatatakata. Wangu ni wa polepole."

Na ni kweli, wafagiaji ni wa polepole. Wapo bakteria ambao mmoja anakuwa wawili kila baada ya dakika 20. Pigeni hesabu ya saa 12 mtashangaa: mmoja anazaa mabilioni. Mfagiaji wa amonia, hata akiwa amestarehe, anahitaji saa nyingi, pengine siku nzima, ili awe wawili. Kaka yake naye anachelewa zaidi, kwa sababu hawezi kuanza kabla dada hajamwekea lundo la katikati. Huwezi kuwaharakisha. Unaweza kuwapa joto, hewa na chakula, basi.

Mwalimu wa kemia alikuwa na chupa ndogo za dawa ya kupimia. Matone machache kwenye maji, rangi inabadilika, unalinganisha na karatasi. Wakachora jedwali ukutani. Kwanza amonia ikapanda, ikapanda, ikapanda. Maji yanang'aa, lakini hayajawa tayari. Kisha amonia ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda. Mtoto mmoja akashangilia. Jiwe likanyamaza tu, maana lilijua. Dada ameamka, kaka bado amelala. Hapo ndipo watu wengi wanapoua samaki wao. Wanaona amonia imekwisha, wanakimbilia samaki, na nitriti inamzuia samaki kubeba hewa kwenye damu yake. Anahema juu ya maji kama aliyekabwa, na maji yenyewe yanang'aa!

Kisha nitriti ikashuka. Nitrati ikaonekana. Kioo kikapata ukungu wa kahawia, mawe yakaanza kurudisha ukijani wake. Mwalimu akatia amonia kidogo tena, kwa kujaribu. Kesho yake akapima. Amonia sifuri. Nitriti sifuri.

"Sasa," likasema jiwe.

"Mjomba, ilichukua muda gani?"

Kwa mawe makavu na maji mapya, wiki nne mpaka sita ni kawaida, na zaidi si ajabu. Kwa jiwe lililofika na maji mwilini, muda unapungua. Lakini usihesabu siku, hesabu matone. Na kama huna dawa ya kupimia, Uvira ina watu wa kuwauliza. Tangu miaka ya 1950 mji huu una kituo cha kuchunguza maji na viumbe wake. Kilianza enzi za Wabelgiji, leo kinaitwa CRH, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Nendeni na mwalimu. Mtaalamu wa maji akiulizwa na mtoto kuhusu nitriti, atafurahi wiki nzima.

Sasa, samaki gani?

Najua mnamtaka yule mdogo mweusi mwenye madoa meupe. Kila mtu anamtaka! Wenye elimu humwita Tropheus duboisi. Mbelgiji Georges Marlier, aliyefanya kazi hapahapa Uvira, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika sayansi, mwaka 1959. Akiwa mtoto ana madoa kama nyota. Akikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa cha buluu na anafunga mshipi mmoja mweupe au wa njano mwilini. Ni mzuri, simkatai. Lakini simpi mtu tangi lake la kwanza. Anakula mwani unaoota juu ya mawe kuanzia asubuhi hadi jioni, tumbo lake limezoea majani. Ukimlisha nyama nyama, tumbo linavimba na anakufa. Tena ni mgomvi. Akiwa peke yake na mwenzake mmoja, mmoja atamfukuza mwingine mpaka pembeni na kumwua. Anataka kundi kubwa, tangi kubwa, na mfugaji aliyekwisha kujua.

Anzeni na mwenye nyumba yake. Ziwani kuna konokono anayeitwa Neothauma. Akifa, gamba lake linabaki mchangani, na samaki wadogo wanahamia ndani! Neolamprologus brevis ni mmoja wao. Dume na jike hukaa katika gamba moja. Ukipitisha kivuli, wote wawili wanatumbukia ndani mara moja. Mwingine, Lamprologus callipterus, ana kituko kingine. Dume lake linabeba magamba kwa mdomo, moja baada ya jingine, linayarundika mahali pamoja, na majike wanakuja kutaga humo. Dume huwa na uzito mara 12 wa jike. Lazima jike awe mdogo, la sivyo hapiti mlangoni.

Au chukueni Neolamprologus brichardi, wa kaskazini mwa ziwa, mwenye mkia kama mwezi mwandamo na mapezi yanayoning'inia kama nyuzi. Jina lake linatokana na Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi kwenda ng'ambo. Samaki huyu ana tabia ambayo mama zenu wataipenda. Watoto wakubwa hawaondoki nyumbani. Wanabaki kuwalinda wadogo zao, wanatoa mchanga mlangoni, wanafukuza wageni. Ndiyo, samaki! Mkitengeneza upenyo mzuri kati ya mawe mtaiona tabia hiyo kwa macho yenu.

Leteni wawili kwanza. Si kumi. Wafagiaji huongezeka kwa kadiri ya taka, nao ni wa polepole, nimekwisha kuwaambia. Subirini, pimeni, kisha ongezeni. Chakula kidogo, kile kinachoisha kwa dakika mbili. Kila wiki au kila wiki mbili toeni robo ya maji mtie mengine. Hiyo ni kuzoa lundo la chini ya migomba, maana hata mbolea ikizidi inafunika kiwanja. Sifongo ikiziba, isafisheni ndani ya maji mliyoyatoa tangini, msiipeleke bombani.

"Na umeme ukikatika?"

Utakatika, tusidanganyane. Mto Ruzizi unaotuletea madini ndio pia unaozungusha mitambo ya umeme wetu, huko karibu na Bukavu, na kati ya huko na hapa nguzo ni nyingi. Mapovu yakisimama, samaki na wafagiaji wote wanagombania hewa iliyobaki. Pampu ndogo ya betri au paneli ya jua inaokoa. Kama hamna, chukueni kikombe safi, mchote maji na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, kwa zamu. Na siku hiyo msiwalishe. Samaki aliyeshiba anachafua zaidi, naye hafi kwa kulala njaa usiku mmoja.

"Mjomba, watoto wa Mombasa na Zanzibar nao wanaweza? Wao wana bahari."

Wanaweza, na ni kazi ngumu zaidi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi katika lita moja. Yetu, pamoja na madini yake yote, hayafiki gramu moja. Mtu aliye mbali na pwani akitaka tangi la lita 200 kama lile la shule, lazima apime kilo 7 za chumvi maalumu. Halafu kuna matumbawe. Tumbawe ni mnyama, ingawa limekaa kama ua, na halipendi nitrati nyingi, wala joto kuzidi, wala chumvi kupanda na kushuka. Linataka na taa kali. Lakini mwanzo ni uleule kabisa. Jiwe la bahari na maji mwilini, taka kidogo, dada, kaka, kusubiri. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya na Marekani walinunua mawe kama hayo kwa kilo, yakiletwa kwa ndege kutoka Fiji na Indonesia. Waliyaita mawe hai. Fikirini, mtu analipia tiketi ya ndege ya jiwe!

Kuna hata msomi mmoja Mwingereza, John Moore, aliyefika kwenye ziwa hili miaka ya 1890, akaona konokono wenye magamba kama ya baharini, akaona na konyeza laini anayeelea, wa jamii ya wale wa baharini. Akasema Tanganyika ni bahari ya zamani iliyofungiwa ndani ya bara. Mwaka 1903 akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Haikuwa hivyo. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka, na konokono wake walijifanyia magamba mazito humuhumu, kwa sababu kaa wa humu wana koleo kali. Lakini simlaumu Moore. Simameni bandarini Kalundu wakati upepo unavuma, mtazame mawimbi, mniambie kama nanyi hamkudhani ni bahari.

Limebaki jambo moja, nalo nitakuwa mkali kidogo.

Siku moja mtachoka na tangi, au mtahama. Mtasema, tuwarudishe ziwani, wakaishi. Sikilizeni. Hawa samaki wa mawe hawapendi kuvuka mchanga. Kati ya ufuko mmoja wa mawe na mwingine pakiwa na mdomo wa mto na mchanga mrefu, hawavuki, vizazi na vizazi. Ndiyo maana Tropheus wa Bemba, upande wetu, ana rangi yake, na wa ng'ambo, upande wa Burundi, ana rangi yake nyingine. Ukimchukua wa huku ukamtupa kule, unachanganya kilichotenganishwa kwa maelfu ya miaka. Na kama amepata ugonjwa tangini, unaupeleka ziwani pamoja naye. Kwa hiyo samaki wa tangi harudi ziwani. Mpeni jirani mwenye tangi.

Ila kwanza muulizeni huyo jirani: nitriti yako inasoma ngapi?